Mchana wa Mtoto Kilema na Usiku Wake

Wazazi wenye mtoto kilema, wakipata nafasi ya kusema yaliyo moyoni mwao, mara nyingi hawalalamiki juu ya mchana. Hulalamika juu ya usiku. Mchana mtoto ni mtulivu. Ameketi juu ya mkeka wake nyuma ya nyumba, hana makelele, hata wageni hawajui kama yupo. Lakini giza likiingia, matata yanaanza. Mtoto hapati usingizi. Analia, anaita, anajigaragaza, na mama yake anaamka mara nne au tano. Kunapokucha mama amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha, naye mtoto ndipo anapolala, jua limekwisha kupanda. Ndivyo inavyokuwa siku kwa siku, mpaka watu wote wa nyumbani wanachoka naye.

Sisi tunaofundisha watoto, na kuingia katika nyumba za wazazi wao, twaona kwamba watu hutafuta sababu ya usiku huo mahali pengi, isipokuwa mahali pamoja. Hawautazami mchana. Kumbe mara nyingi sana usiku mbaya wa mtoto kilema umetengenezwa mchana, juu ya ule mkeka wa nyuma ya nyumba.

Tueleze maneno haya vizuri. Usingizi unafanana na njaa. Mtu aliyekuwa akionja kidogo kidogo kutwa nzima hawezi kuketi jioni mbele ya bukari na sombe akala kwa hamu. Vivyo hivyo mtoto asiyetumia mwili wake, aliyewekwa penye kivuli na kusinzia mara kwa mara kwa sababu hana la kufanya, anafika jioni bila deni la usingizi. Mwili haudai kitu. Tena kuna jambo la pili. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna kitu kama saa, na saa hiyo hurekebishwa na mwangaza wa jua, hasa mwangaza wa asubuhi. Mtoto anayekaa ndani ya chumba chenye dirisha dogo hapati mwangaza huo wa kutosha. Saa yake yaenda ovyo, na mchana na usiku vinachanganyika kwake. Ndugu zake wanaokimbia mtoni kuchota maji na kurudi, wanaopiga mpira mpaka magoti yamejaa vumbi, hawana haja ya kubembelezwa walale. Wanaanguka tu.

Jambo la tatu ni maumivu. Kiungo kisichokunjuliwa hukakamaa. Mishipa hufupika, goti linakataa kunyooka, nyonga hukaza, mgongo hupinda. Mchana mtoto huyasahau maumivu hayo kidogo kwa kuwatazama wengine. Usiku, katika ukimya, hana kitu kingine cha kusikia isipokuwa mguu wake. Basi analia, na mtu asiyejua husema ni mtoto mkaidi.

Na wengine husema neno baya kuliko hilo. Ni lazima tulitaje, kwa maana katika nchi yetu ya Kongo limekwisha kuwafukuza watoto wengi nyumbani mwao. Mtoto asiyelala usiku, mwenye kifafa, mwenye kichwa kikubwa au kiungo kilichopotoka, huitwa mchawi. «Kama si mchawi,» husema, «mbona macho yake yako wazi wenzake wakilala?» Mwaka 2010 shirika la UNICEF lilitoa kitabu kizima juu ya watoto wanaosingiziwa uchawi katika Afrika, na walemavu na wenye kifafa wametajwa humo kati ya wanaoshambuliwa kwanza. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi; sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yaadhibu jambo hilo. Mzazi anayempeleka mtoto asiyelala kwa mtu wa kutoa pepo, akafungwa, akanyimwa chakula siku tatu, anamtesa mtoto ambaye pengine alihitaji tu kutolewa nje asubuhi na kunyooshwa miguu.

Wengine, wenye huruma, hujibu: «Lakini huyu ni mgonjwa. Mgonjwa hupumzishwa.» Jibu hili latoka katika moyo mwema, lakini si kweli. Kilema si ugonjwa. Homa ya polio ilipompata mtoto ilikaa siku chache ikaenda zake. Kilichobaki ni mguu usio na nguvu, na mwili mwingine wote ni mzima na una njaa ya kazi. (Tuseme hapa, kwa kupita, kwamba polio ile ya asili ilionekana mara ya mwisho Kongo mwaka 2011, na mwaka 2020 Afrika yote ilitangazwa kuwa imeepukana nayo, lakini virusi vya namna nyingine, vilivyotokana na chanjo na kugeuka pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, bado vinalemaza watoto kwetu. Kwa hiyo wanaokuja na chanjo wasifungiwe mlango.)

Si kwetu tu kwamba watu walifikiri kumtuliza mlemavu ni kumtendea mema. Hata katika hospitali kubwa za Ulaya, kabla ya vita ya pili, aliyevunjika mgongo na kupooza miguu aliwekwa kitandani akangojewa kufa; wengi walikufa upesi kwa vidonda vya mgongoni na ugonjwa wa mkojo. Mwaka 1944 daktari mmoja, Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, alipewa kazi ya kuwaangalia watu wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Alikuwa mtu mkali. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asiachwe hata mmoja. Kisha akawatoa kitandani, akawapa kazi za mikono, akawapa mipira na pinde. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, walemavu 16 walishindana kulenga shabaha katika uwanja wa hospitali yake. Kutokana na shindano hilo dogo ilikua michezo ya Paralimpiki, ambayo ya kwanza yahesabiwa kuwa ya Roma, mwaka 1960.

Na mwaka huo huo wa 1960, karibu na kwetu, huko Gatagara katika Rwanda, padri Joseph Fraipont, mzaliwa wa Ubelgiji aliyejulikana pia kwa jina la Ndagijimana, alianzisha nyumba ya kupokea watoto vilema, watembezwe na kusomeshwa. Aliyaona mambo yale yale bila uwanja wa Olimpiki.

Je, mtoto kilema anahitaji mwendo kiasi gani? Mwaka 2020 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa maagizo yake juu ya jambo hili, na mara hii lilisema waziwazi juu ya walemavu. Mtoto mwenye kilema, tangu miaka 5 hadi 17, yafaa atumie mwili wake kwa nguvu, mpaka moyo upige na pumzi ziende mbio, kwa jumla dakika 60 kila siku, zikipimwa kwa wastani wa juma. Na mara tatu kwa juma afanye kazi ya kutia nguvu misuli na mifupa. Ni kiasi kile kile cha mtoto mzima. Lakini maagizo hayo yaongeza neno ambalo sisi twalipenda kuliko hesabu: kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Aanze na dakika tano. Juma lijalo ziwe nane. Asilinganishwe na ndugu yake. Alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo yataka vyombo vya bei kubwa. Tazameni jinsi mama zetu wanavyowabeba watoto mgongoni kwa kikwembe, miguu imepanuliwa kiunoni. Kwa mtoto ambaye ubongo wake ulipata madhara alipozaliwa, ambaye miguu yake hupishana kama makasi, kubebwa hivyo ni dawa: nyonga zinafunguka, kichwa kinajifunza kusimama, macho yanaona dunia. Kuna mama anayemwacha mtoto wa namna hiyo chini kwa sababu «amekwisha kuwa mkubwa». Ambebe tena, maadamu mgongo wake unaweza, au ambebe baba.

Fito mbili za mianzi, zikifungwa juu ya nguzo kwa urefu wa kiuno cha mtoto, zinatosha kumfundisha kusimama na kupiga hatua huku ameshika pande zote mbili. Mkebe wenye vijiwe ndani, ukiviringishwa, ni mpira wa kipofu. Ataufuata kwa masikio. Msichana mwenye mguu mmoja dhaifu aweza kuingia katika mchezo wa nzango. Akishindwa kurusha mguu apige makofi, aimbe, ahesabu pointi kwa sauti, naye atatoka jasho kama wenzake. Kijana wa Goma asiyetembea aweza kusukumwa juu ya chukudu mpaka uwanjani, na huko awe golikipa aketiye chini. Na kazi za nyumbani zisisahauliwe. Kutwanga sombe huku ameketi, kukamua nguo, kuchambua maharagwe, kusukuma mlango wa zizi: hizo ni kazi za mikono na mgongo, tena zina faida moja ambayo mchezo hauna, yaani mtoto ajiona ana fungu lake katika chakula cha jioni. Anayetaka kujua mikono ya mlemavu yaweza nini, akumbuke wanamuziki wa Kinshasa wa kikundi cha Staff Benda Bilili, wengi wao waliopatwa na polio utotoni, walioendesha vigari vya magurudumu matatu katika njia mbaya za mji ule, na mwaka 2010 filamu yao ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa.

Sasa tuseme na wenzetu walimu. Saa ya jimnastiki ikifika, mwanafunzi mwenye gongo hupewa kazi gani? Katika shule nyingi hupewa kazi ya kulinda nguo za wenzake. Huketi chini ya mti na lundo la mashati, mwaka wa kwanza mpaka wa sita, na mwalimu hudhani amemhurumia. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu, na mapatano hayo, katika kifungu cha 30, yasema kwamba mtoto mlemavu ana haki ya kushiriki michezo sawa na wengine, hata ile ya shuleni. Tena kuna sheria yetu wenyewe ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Mashati hayaibiwi katika uwanja wa shule. Na yakiibiwa, mkuu wa shule aajiri mlinzi.

Lakini mwendo usio na akili waweza kudhuru, nasi hatutaki mtu asome maneno haya akaenda kumvuta mtoto miguu kwa nguvu. Kiungo hunyooshwa polepole, kikiwa na joto, wala si mpaka mtoto apige kelele. Mwenye kifafa acheze, akimbie, apige mpira. Asiogelee peke yake, asipande miti, asiachwe karibu na moto wa kupikia. Na kwake usingizi ni jambo la lazima kabisa, kwa kuwa kukosa usingizi usiku mmoja huweza kuleta kifafa kesho yake. Dawa anazopewa, kama ile ya fenobarbitali, humfanya mara nyingine asinzie mchana. Mzazi amwambie daktari, asiikate dawa ghafula, maana hapo kifafa hurudi kwa nguvu mbaya. Na povu la mwenye kifafa haliambukizi mtu. Aweza kulala kitanda kimoja na nduguye.

Watoto wenye ile hali iitwayo kwa jina la daktari Down wa Uingereza hupenda sana kucheza ngoma, nao waachwe wacheze. Lakini wasipinduke kichwa chini, kwa maana mifupa ya shingo yao huenda ni legevu. Wengi wao hukoroma usiku, na katikati ya kukoroma pumzi hukatika kidogo, kisha mtoto hushtuka. Mtu atasema: amelala vizuri, nasikia akikoroma. Sivyo. Mtoto huyo haonji usingizi mzito hata kidogo, na asubuhi anaonekana mzito wa akili kuliko alivyo. Aonwe na daktari. Pengine ni mafindofindo ya koo yanayoziba njia ya hewa.

Mwenye miguu isiyosikia, kama wale waliozaliwa na uti wa mgongo ulio wazi, hajui kwamba ameketi juu ya jiwe. Kila jioni ngozi yake ya matako na visigino itazamwe kwa taa, na usiku ageuzwe upande. Yule wa miguu ya makasi alazwe ubavu, na kitambaa kilichoviringwa kiwekwe kati ya magoti; mama wengine watashangaa jinsi kitambaa hicho kinavyoleta usingizi. Na kipofu asiyeona hata mwangaza hana jua la kurekebisha saa yake ya ndani. Kwake saa ni mazoea: kula, kutembea na kulala wakati ule ule kila siku, bila kubadili Jumapili.

Kuna kisa kimoja kinachotuuma zaidi, cha watoto wanaozaliwa na nyayo zilizogeukia ndani. Kwa njia aliyoifundisha daktari Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Marekani, nyayo hizo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, majuma machache tu, na mara nyingi bila kupasuliwa sana. Ndipo mtoto hupewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma: miezi mitatu mchana na usiku, kisha wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka minne hivi. Basi mtoto mchanga hulia siku za kwanza, nyanya husema «mnamtesa», viatu huvuliwa usiku, na baada ya mwaka mmoja nyayo zimerudi zilivyokuwa. Kazi yote ya plasta imepotea kwa sababu ya siku chache za kilio. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu, na Goma kuna Shirika la Umoja, ambamo walemavu hutengenezewa vyombo na kufundishwa mwendo; wakae huko wazazi, waulize, waonyeshwe jinsi ya kufunga viatu hivyo na kumtuliza mtoto, kuliko kuvivua.

Juu ya usiku wenyewe hatuna mengi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 mpaka 12 za kulala. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 mpaka 10. Kilema hakipunguzi hesabu hiyo. Alale chini ya chandarua, wakati mmoja kila siku, simu na televisheni zikiwa zimezimwa. Asipewe vidonge vya usingizi wala shurubati ya kikohozi ili anyamaze: ni desturi ya hatari iliyoanza kuenea mijini. Na tungependa kuwakumbusha kwa heshima majirani wenye baa, na hata wale wenye mikesha ya sala, kwamba nyuma ya ukuta mna watoto, na sauti ya kawaida ya binadamu yatosha kusali bila vipaza sauti mpaka alfajiri.

Wanaobaki ni vijana wa shule ya sekondari, ambao watu huwasahau. Umri huo saa ya ndani hurudi nyuma. Kijana hapati usingizi mapema hata akitaka. Masomo huanza saa moja na nusu ya asubuhi. Mwenye miguu miwili huondoka nyumbani saa kumi na mbili. Mwenye magongo, akiwa na kilima cha kupanda na tope la mvua, huondoka saa kumi na moja, tena ameamka saa kumi ya usiku. Anafika shuleni amekwisha kufanya mazoezi ya kutosha siku tatu, akiwa amelala saa tano tu, na katika somo la hesabu kichwa chaangukia meza. Mwalimu humwandikia alama ya uvivu. Kijana huyu hana haja ya jimnastiki zaidi. Ana haja ya usingizi. Pengine katika parokia ile ile kuna familia inayokaa karibu na shule, yenye nafasi ya kitanda kimoja tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, au kuna mtu wa baiskeli anayepita njia ile ile kila asubuhi na kiti cha nyuma kitupu. Wazee wa shirika la mtaa wanawajua watu hao kwa majina; waende wakaulize kabla muhula haujaanza.